Imamu Azzan bin Qays: Aliyechaguliwa na Wenyewe, Akakataliwa na Wageni

Wasomaji wetu wa visiwani wanayajua majina ya Seyyid Said bin Sultan, Seyyid Majid na Seyyid Barghash tangu walipokuwa watoto wa chuoni na skuli. Majina hayo yamo katika majumba, katika mashamba na katika masimulizi ya wazee. Lakini upo mlango mwingine wa nasaba hiyo hiyo ya Al Busaidi uliobaki ng'ambo ya pili ya bahari, na katika mlango huo alitoka mtu ambaye Oman jina lake ni mashuhuri, ilhali huku kwetu hutajwa kwa nadra. Mtu huyo ni Imamu Azzan bin Qays, aliyetawala Oman tangu Oktoba 1868 hata Januari 1871.

Tumeona vyema kuyaeleza maisha yake katika safu hii. Hatufanyi hivyo kwa kuyatetea madhehebu fulani dhidi ya mengine, wala hatuna nia ya kufukua ugomvi wa nasaba ambao zama zake zimekwisha. Tunafanya hivyo kwa kuwa maisha ya Imamu huyu yanatuuliza maswali mawili ambayo hayajazeeka. La kwanza ni hili: watu wa nchi wakikubaliana, kwa desturi yao wenyewe, kumweka mtawala wa dini, ni nani mwenye haki ya kuwaambia kwamba hawana serikali? La pili ni lile ambalo wengi hupenda kulikwepa: hao waliokubaliana walikuwa ni akina nani, na wale ambao hawakuulizwa walibakiwa na haki gani?

NCHI YENYE DESTURI YA KUCHAGUA

Hatuwezi kumfahamu Azzan bila ya kuifahamu desturi iliyomweka. Tangu karne ya 8 Waibadhi wa Oman walishika msimamo kwamba uimamu haurithiwi kama shamba la mikarafuu. Imamu huchaguliwa na wanazuoni pamoja na wakuu wa makabila, kwa kutazamwa elimu yake, uadilifu wake na uwezo wake wa kuilinda nchi. Si lazima awe wa kabila la Mtume. Akikwisha kuchaguliwa hupewa baia, yaani kiapo cha utii, na kiapo hicho kina pande mbili: watu humtii, naye huitii sheria. Akiikiuka sheria na akakataa kutubu, waliomweka wana haki ya kumwondoa.

Si kila zama desturi hiyo ilifuatwa kwa ukamilifu. Zilikuwapo nyakati ambapo mtoto alirithi kiti cha baba yake na wanazuoni wakapewa kazi ya kubariki tu. Hata hivyo desturi yenyewe haikufa. Ni Maimamu wa ukoo wa Yaaruba waliowatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na ni jeshi lao lililoiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Katikati ya karne ya 18, Ahmad bin Said, mzee wa ukoo wa Al Busaidi, naye alichaguliwa kuwa Imamu baada ya kuwatoa Waajemi katika nchi.

Ahmad bin Said alifariki mwaka 1783. Baada yake watawala wakauelekeza uso wao baharini. Makao yao yakawa Maskati, mapato yao yakawa ya forodha, na nguvu zao zikawa majahazi na manowari. Mwaka 1798 Sultan bin Ahmad alifunga mapatano na Waingereza ya kuwaweka mbali Wafaransa, na tangu hapo mkono wa Mwingereza haukutoka tena katika mambo ya Maskati. Watawala hao wa pwani waliitwa Maseyyid. Hawakuhitaji kuchaguliwa na wanazuoni wa Nizwa na Rustaq, na wengine katika wao hawakutaka kuchaguliwa, maana baia ingewafunga mikono.

Basi nchi moja ikawa na nyuso mbili. Uso wa pwani ulitazama Bombay na Unguja. Uso wa bara ulitazama vitabu vya sheria, mifereji ya maji ya falaji na mitende. Azzan alizaliwa katika kizingiti baina ya nyuso hizo mbili. Alikuwa Al Busaidi wa damu, katika kizazi cha Qays mwana wa Imamu Ahmad bin Said, lakini mlango wao haukuwa wa Maskati. Wao walikuwa mabwana wa Rustaq, mji wa bara wenye ngome ya kale, na kwa miaka mingi walikuwa wakivutana na jamaa zao wa pwani. Alikulia katika nchi ambayo mtawala huonekana msikitini na sokoni.

URITHI ULIOAMULIWA NA MGENI

Seyyid Said bin Sultan alifariki baharini mwezi wa Oktoba mwaka 1856, akiwa njiani kurejea Unguja. Aliacha watoto wengi na dola moja iliyotandaa pande mbili za bahari. Thuwaini alishika Maskati, Majid akashika Unguja, Turki akawa Sohar, na Barghash akabaki Unguja bila ya kitu, moyo wake ukiwa na uchungu. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kukitwaa kiti cha Majid akiungwa mkono na kabila la Al Harthi. Nguvu za manowari za Kiingereza zikasaidia kumshinda, naye akapelekwa Bombay kukaa uhamishoni.

Thuwaini na Majid nao walikuwa karibu ya kupigana. Mwaka 1861 Lord Canning, Mtawala Mkuu wa Kiingereza katika Bara Hindi, akatoa hukumu yake: Unguja iwe dola mbali na Maskati iwe dola mbali, na kila mwaka Unguja iilipe Maskati riale 40,000. Wengine husema hukumu hiyo ilizuia vita, na huenda ni kweli. Lakini tukitazama kwa jicho la watu wa visiwani na wa Oman, tunaona jambo moja kubwa: nchi mbili zilipasuliwa kwa karatasi iliyoandikwa Bara Hindi, na watu wa nchi hizo hawakuulizwa. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Tuzikumbuke riale hizo 40,000, maana zitarudi katika hadithi hii. Zilitoka katika hazina ya Unguja, yaani katika forodha na biashara ya visiwa hivi. Na tusifiche kwamba nyuma ya biashara hiyo lilikuwapo jasho la watumwa waliochuma karafuu katika mashamba ya Unguja na Pemba. Jasho hilo ndilo lililogeuzwa fedha, na fedha hiyo ikawa kamba ya kumvutia mtawala wa Maskati. Anayetii hupewa, na asiyetii huambiwa asubiri.

Mwezi wa Februari mwaka 1866 Seyyid Thuwaini aliuawa Sohar akiwa kitandani, na aliyemuua ni mwanawe Salim. Dunia ya Kiarabu na ya Kiislamu ilitetemeka kwa kitendo hicho. Unguja Seyyid Majid alikataa kumlipa muuaji wa ndugu yake. Waingereza walisita kidogo, kisha mwaka huo huo wa 1866 wakamtambua Salim kuwa mtawala wa Maskati. Walisema moyoni, na vitendo vyao vikathibitisha, kwamba amani ya biashara ni bora kuliko kuuliza damu ya baba imemwagwa na nani. Msomaji na alishike jambo hili, kwani ndilo kipimo tutakachokipimia yaliyofuata.

BAIA YA 1868

Salim hakupata utulivu. Watu wa bara hawakumpenda, na wanazuoni waliona ni haramu kumtii mtu aliyemuua baba yake. Ndipo watu watatu wakaungana. Wa kwanza alikuwa Sheikh Said bin Khalfan Al Khalili, mwanachuoni mkubwa kuliko wote wa zama zake katika Oman, mtunzi wa mashairi na mjuzi wa sheria. Wa pili alikuwa Sheikh Salih bin Ali Al Harthi, mkuu wa makabila ya Sharqiya, wa kabila lile lile ambalo watu wake wa Unguja walisimama na Barghash mwaka 1859. Wa tatu alikuwa Sheikh Muhammad bin Sulayyim Al Gharibi, mwanachuoni wa upande wa Batina. Walikuwa na elimu na walikuwa na bunduki za makabila, lakini walihitaji mtu wa kuzibeba zote mbili. Wakamwona Azzan bin Qays wa Rustaq.

Mwanzoni mwa Oktoba 1868 majeshi yao yaliingia Maskati na Salim akakimbia kwa njia ya bahari. Mwezi huo huo Azzan akapewa baia kuwa Imamu. Zilikuwa zimepita karibu miaka mia tangu Oman kuwa na Imamu aliyeshika nchi kwa kweli, mwenye Maskati na bara pamoja. Sasa wanazuoni walikuwa na mtu wao juu ya kiti.

Azzan hakuwa mwanachuoni mkubwa, naye hakujidai kuwa hivyo. Alikuwa mtu wa farasi na ngamia, shujaa, mwepesi wa safari, mwenye kukaa na askari wake. Mambo ya sheria na ya hazina aliyaachia mikono ya Al Khalili, ambaye alikaa Maskati na kuwa nguzo ya dola. Kazi ya Imamu ilikuwa kuiunganisha nchi, na aliifanya kwa kasi iliyowashangaza hata maadui. Mwaka 1869 alipita katika miji ya bara, akizishika ngome ambazo watawala wa Maskati walikuwa wameziacha kwa vizazi. Mwezi wa Juni mwaka huo, akisaidiwa na kabila la Naim, aliitwaa ngome ya Buraimi kutoka mikononi mwa watu wa Ibn Saud wa Najd. Watawala waliomtangulia walikuwa wakinunua amani kwa Najd kwa kulipa fedha kila mwaka. Azzan hakulipa. Katika muda usiofika mwaka mmoja na nusu, mtu wa Rustaq alikuwa ameshika sehemu kubwa ya Oman kuliko alivyoishika Thuwaini au Salim.

MAKOSA YA WATU WA DINI

Lau tungeishia hapo, tungekuwa tumeandika sifa, wala si historia. Serikali ya Azzan ilikuwa na kasoro, na baadhi ya kasoro hizo ndizo zilizomfungulia mgeni mlango.

Wafuasi wakali wa serikali hiyo, walioitwa mutawa, waliingia Maskati kama waliokuja kuusafisha mji uliooza. Walipiga marufuku ulevi, na hapo Mwislamu hana la kusema. Lakini walikwenda mbele wakapiga marufuku tumbaku, ngoma na muziki, wakafuatilia mambo madogo ya watu kana kwamba nchi itaokoka kwa hayo. Maskati haikuwa Rustaq. Ulikuwa mji wa bandari wenye Waarabu, Wabaluchi, Waafrika, Waajemi na Wahindi wa dini mbalimbali, na wengi wao hawakuwa Waibadhi. Wafanyabiashara wa Kihindi, ambao fedha zao ndizo zilizoiendesha forodha, waliingiwa na hofu, wakapeleka malalamiko yao kwa Waingereza waliokuwa wakiwahesabu kuwa raia wao.

Pili, wanazuoni walitoa hukumu kwamba mali walizokusanya watawala waliopita kwa dhuluma zirudishwe katika hazina ya Waislamu. Msingi wa hukumu hiyo ulikuwamo katika vitabu vya sheria, lakini katika utekelezaji mashamba na nyumba za jamaa wengi wa Al Busaidi zilitwaliwa, na kila aliyenyang'anywa akawa adui. Hazina ilipozidi kupungua, serikali iliwaendea matajiri kwa mikopo ya lazima. Makabila ya mrengo wa Ghafiri nayo yaliona kwamba dola hii ni ya wapinzani wao wa mrengo wa Hinawi iliyovaa kilemba cha dini.

Hapa ndipo linaposimama lile swali letu la pili. Baia ya Azzan ilikuwa ya wanazuoni na wakuu wa makabila. Baniani wa Matrah hakuulizwa, mwanamke hakuulizwa, mtumwa hakuulizwa, na mkuu wa Ghafiri aliulizwa baada ya ngome yake kuzungukwa. Tunasema wazi: uchaguzi wa wachache wenye elimu na silaha si uchaguzi wa watu wote, hata ukifanywa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Serikali ya dini ina haki ya kuwaongoza walioikubali. Haina haki ya kumfanya asiyekuwa wa dini hiyo kuwa mgeni katika mji aliozaliwa.

Lakini tukiyakubali hayo, hatuna budi kuuliza tena: je, Salim aliyemuua baba yake alichaguliwa na Baniani na mtumwa na mwanamke? Thuwaini je? Hukumu ya Canning je? Kipimo ambacho Azzan alishindwa kukifikia, hapana mtawala mwingine wa zama zake, wa Maskati wala wa Bara Hindi, aliyethubutu hata kukisogelea. Yeye angalau alichaguliwa na kundi lililokuwa na haki ya kumwondoa.

SILAHA YA KUTOTAMBULIWA

Mwakilishi wa Kiingereza katika Ghuba alikuwa Kanali Lewis Pelly, aliyekaa Bushehr katika pwani ya Uajemi. Tangu siku za mwanzo hakuipenda serikali ya Azzan. Katika macho yake ilikuwa serikali ya washupavu wa dini, hatari kwa biashara, hatari kwa raia wa Kihindi na hatari kwa utulivu wa Ghuba. Serikali ya Bara Hindi ikasubiri, ikachunguza, ikaandikiana barua na London, na haikumtambua.

Wapo wasomaji watakaouliza: kutotambuliwa ni kitu gani? Mtu akiwa na nchi, jeshi na watu wake, karatasi ya Calcutta itamfanya nini? Jibu lake ndilo somo la maisha haya. Katika zama hizo Ghuba ilikuwa imekwisha kuwa bahari ya Mwingereza. Hakuruhusu vita vya majini bila ya ridhaa yake. Meli za moshi za Bombay zilikuwa zinachukua mizigo iliyokuwa ikichukuliwa na majahazi ya Waomani, na wenye mitaji walikuwa raia wake. Mtawala asiyetambuliwa hakuaminiwa kwa mkopo. Waajemi walipata sababu ya kuuvunja mkataba wa kuikodisha Bandar Abbas kwa Maskati, na mapato ya bandari hiyo yakapotea. Na zile riale 40,000 za Unguja hazikulipwa. Seyyid Majid alisema Azzan si wa kizazi cha Seyyid Said, basi hana haki nazo, na Mwingereza aliyeihukumu Unguja kulipa hakuona sababu ya kumlazimisha.

Hivyo Imamu hakupigwa na mizinga ya manowari. Alikatiwa maji kama shamba linavyokatiwa falaji. Askari wa makabila hutaka posho, na mkono mtupu haulambwi. Kadiri fedha zilivyopungua ndivyo wanazuoni walivyozidi kuwabana matajiri, na kadiri walivyowabana ndivyo maadui walivyozidi, na kadiri maadui walivyozidi ndivyo Pelly alivyopata ushahidi kwamba serikali hiyo haitadumu. Tunawaomba viongozi wetu waitazame duara hiyo kwa makini, kwani nchi nyingi changa zimezungushwa ndani yake baada ya hapo: mgeni huzuia riziki, kisha huitumia njaa kuwa hoja.

Wakati huo huo Seyyid Turki bin Said, ndugu yao Majid na Barghash, alikuwa Bombay chini ya macho ya Waingereza. Mwaka 1870 aliondoka, akafika Ghuba. Huko alipata wasaidizi miongoni mwa masheikh wa pwani na miongoni mwa makabila, pamoja na baadhi ya Naim wa Buraimi waliokuwa wamesimama na Imamu mwaka uliotangulia. Mwezi wa Oktoba 1870 majeshi yalikutana Dhank, na Azzan akashindwa. Mwezi huo huo Majid alifariki Unguja na Barghash akakaa juu ya kiti. Huku visiwani watu wa dini waliokuwa wakiitazama Oman kwa matumaini walidhani siku zao zimefika, na balozi mdogo wa Kiingereza aliingiwa na wasiwasi huo huo. Lakini msaada uliovuka bahari kumfikia Imamu haukuwapo.

Inasikitisha zaidi kwamba wakati huo hata wakubwa wa Calcutta walikuwa wameanza kuona huenda ni busara kumtambua Azzan, maana kwa miaka miwili alikuwa ameishika nchi kuliko waliomtangulia. Walichelewa. Mwishoni mwa Januari 1871 watu wa Turki waliishambulia Matrah, na Imamu Azzan bin Qays akauawa katika mapigano hayo akiwa na silaha mkononi. Sheikh Al Khalili alijifungia katika ngome ya Maskati. Akatoka baada ya mapatano ambayo maofisa wa Kiingereza walikuwa wapatanishi wake. Muda mfupi baadaye yeye na mwanawe wakafa mikononi mwa watu wa Turki. Mwaka huo huo wa 1871 Turki akatambuliwa.

YALIYOBAKI

Mwaka 1873 alikuja Sir Bartle Frere. Turki akatia saini mkataba wa kuikomesha biashara ya watumwa, na Barghash, baada ya kushinikizwa na tishio la manowari, akatia saini ya kwake mwezi wa Juni. Serikali ya Kiingereza ikachukua juu yake kulipa zile riale 40,000 badala ya Unguja. Hatutaki kuficha ukweli: kukomeshwa kwa biashara ya watumwa kulikuwa kheri kubwa, na watu wa visiwani, ambao wengi wao ni kizazi cha waliouzwa, hawana sababu ya kukusikitikia. Lakini kheri aliyoifanya mgeni katika jambo moja haimpi hati ya kumchagulia mwenyeji mtawala katika mambo yote. Na zile fedha, baada ya kuingia mkononi mwa Mwingereza, zilikuwa hatamu: mtawala wa Maskati alijua anayemlisha ni nani.

Wala Waomani wa bara hawakusahau. Mwaka 1913 walimchagua Imamu mwingine, Salim bin Rashid Al Kharusi, na mwaka 1915 wapiganaji wake walirudishwa nyuma karibu na Maskati na askari wa Kihindi waliowekwa na Waingereza. Alipouawa mwaka 1920 alichaguliwa Muhammad bin Abdullah Al Khalili, mjukuu wa yule Sheikh aliyekufa mwaka 1871. Mwaka huo huo mapatano ya Sib yaliwaacha watu wa bara na mambo yao, Sultani na mambo yake, na kwa zaidi ya miaka 30 Imamu alikaa Nizwa kwa amani. Mapatano hayo yalionyesha kwamba jambo lililokataliwa mwaka 1868 liliwezekana. Yalivunjika katika miaka ya 1950, baada ya matumaini ya mafuta kuingia katika hesabu. Baina ya 1957 na 1959 ndege na askari wa Kiingereza walisaidia kuumaliza uimamu huo katika Jabal Akhdar, na suala la Oman likajadiliwa katika Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi.

FUNZO LETU

Tumeyasimulia haya kwa sababu visiwa vina tabia ya kudhani kwamba mambo ya ng'ambo hayavuki maji. Maisha ya Azzan yanaonyesha vingine. Karafuu ya Unguja ilikuwa na neno katika nani atawale Maskati, na karatasi ya Calcutta ilikuwa na neno katika zote mbili.

Kwa maofisa wa serikali tunasema: nchi inapotakiwa kuamua kama itaitambua serikali ya jirani, na isijifiche nyuma ya neno ushupavu. Iulize kwanza kama ingeuliza hivyo hivyo lau mtawala huyo angekuwa mtiifu na mwenye bandari nzuri. Waliomtambua muuaji wa baba yake kisha wakamkataa mtu wa baia walidhihirisha kwamba hawakuwa wakipima dini wala haki. Walikuwa wakipima utiifu.

Na kwa wale wanaoamini kwamba nchi iongozwe kwa dini, tunasema bila ya chuki: haki ya watu kujichagulia serikali ya aina hiyo ni haki ya kweli, na hapana mgeni mwenye mamlaka ya kuifuta. Lakini haki hiyo inasimama juu ya miguu miwili. Mguu wa kwanza ni kuchagua. Mguu wa pili ni kumlinda asiyechagua pamoja nawe: jirani yako wa dini nyingine, mfanyabiashara, mpiga ngoma, mnyonge asiye na kabila. Azzan alikuwa na mguu wa kwanza imara kuliko watawala wote wa zama zake. Watu wake waliuacha wa pili ulegee, na mgeni alipomsukuma, ulegevu huo ulikuwa sehemu ya kuanguka kwake.

Alikufa akiwa Imamu, wala hakuiuza baia yake kwa riale wala kwa karatasi. Kwa hilo anastahili kukumbukwa pande zote mbili za bahari.